Kopo la Shomari Kwenye Foleni ya Mafuta

Haya ninayoandika nimeyaficha miaka mingi. Wanangu waliozaliwa baadaye hawakuyasikia kinywani mwangu, waliyasikia kwa watu, na kila walipokuja kuniuliza niliwaambia huyo si mimi, huyo ni mama mwingine, Kariakoo ina watu wengi. Ni mimi. Yule Mama Kopo wa Mtaa wa Mchikichi ni mimi, na nikishasema hivyo nimeshavua nguo mbele yenu, kwa hiyo kaeni mnisikilize mpaka mwisho, msinicheke nusunusu.

Kilichonifungua mdomo ni mjukuu wangu Rehema (wa kwa Zuhura, binti yangu wa tatu). Amepata mtoto, mtoto ameanza kukimbia, akaniambia, "Bibi, twende Kariakoo ukanisaidie kuchagua poti." Tukaenda. Jamani, mapoti ya siku hizi. Kuna poti lina umbo la bata, kuna lingine gari lenye usukani, kuna kiti kidogo cha kupachika juu ya choo cha kukalia na ngazi yake ya kupandia, na kuna moja muuzaji alituonyesha, mtoto akikojoa linaimba. Muuzaji ananiambia, "Shikamoo bibi, chagua, yote mazuri," na mimi nimesimama pale natokwa jasho, hata marahaba imenishinda kuitikia, Rehema anadhani presha yangu imepanda. Haikuwa presha. Ni kwamba ukitoka kwenye duka lile ukakata kona moja tu, ndipo lilipokuwa duka la ushirika.

Enzi zile za Ujamaa mimi na marehemu mume wangu Abdallah tulipanga chumba Mtaa wa Mchikichi. Abdallah alikuwa mpakia mizigo bandarini, anatoka alfajiri kwa miguu na kurudi kwa miguu mgongo umekufa, na ukaribu wa kile chumba ndio uliokuwa unamweka hai, kwa sababu tulishawahi kukaa mbali nikaona anavyokonda. Chumba Kariakoo hupati hivi hivi, tulikingoja mpaka mpangaji mmoja alipohamia Tanga. Na tulikuwa na mtoto wetu wa kwanza, Shomari, ambaye kwa wakati huo alikuwa anatembea, anakimbia, anajua kutukana, lakini choo hataki.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, uani nyuma, na choo kimoja cha shimo ambacho hata mimi mtu mzima nilikuwa naingia nimeshika ukuta, sembuse mtoto. Mwenye nyumba alikuwa mjane, Bi Tunu binti Salum, mtu wa dini, mpole. Uani ndipo alipotia udhu wake, na ndipo alipotandika mkeka wake akaswali. Sasa Shomari wangu katika ua wote ule alikuwa amechagua mahali pake pamoja tu, nyuma ya pipa la maji, hatua chache kutoka kwenye mkeka wa Bi Tunu. Nafagia, namwaga maji, natia mchanga, kesho yake kitu kiko palepale.

Siku moja Bi Tunu akaniita.

"Mama Shomari, mimi sikufukuzi," akasema. "Lakini hitima ya mume wangu inakuja, masheikh watakaa hapa uani kusoma, na mwanao ananitia najisi kila kukicha. Hitima ikifika naye bado hajajua, tafuteni pengine."

Alisema taratibu, anachambua mchele huku anaongea. Angenifokea ningepata nafuu, maana anayefoka hasira hupoa, lakini Bi Tunu akisema kwa upole ndiyo basi.

Nikaanza kuhangaika na vyombo. Mama yangu kule Kilwa alitufundisha sisi sote kwa miguu yake: anakaa chini, ananyoosha miguu, anaibananisha, anakukalisha juu yake na kukupigia mluzi mpaka ukojoe, basi, hapakuwa na chombo wala nini. Lakini mimi nilikuwa nimeshakuwa mtu wa mjini, naenda kliniki, na muuguzi wa kliniki alituambia kila mtoto awe na chombo chake. Nikaona miguu ni mambo ya shamba. Nikatafuta poti. La plastiki nililiona moja tu, jekundu, dukani Mtaa wa Uhuru, juu kabisa kwenye shelfu tupu, nikaliomba, mwenye duka akaniambia hilo si la kuuza, hilo ni la kuonyesha. (Kuonyesha nini na kuuza hauzi, sikumwuliza, siku hizo ulikuwa huulizi.) Fundi seremala akasema atanichongea kigoda chenye tundu, akaniambia nilete mbao. Mbao nitoe wapi? Mwisho nikaenda Gerezani kwa mafundi bati, kwa Selemani Likwata, mtu wa Masasi, ndiye aliyenitengenezea.

Alichukua kopo kubwa la samli, lile lenye picha ya ng'ombe, akalikata kimo cha mtoto, akakunja ukingo, akalitia mikono miwili ya kushikia, na ng'ombe akamwacha palepale ubavuni anatabasamu. Kopo zuri, sikatai. Tatizo ni mteja wake. Nilipomweka Shomari juu ya bati lile kwa mara ya kwanza, bati la asubuhi lina baridi, mtoto alipiga ukelele mpaka wapangaji wakatoka vyumbani, akajikaza miguu kama ubao, na tangu siku ile hakutaka hata kuliona. Nikimwonyesha ng'ombe analia. Nikiliweka pembeni tu wala sijamwambia kitu, analia.

Na hapo ndipo Bi Tunu akaniuliza, "Vipi, analikalia?"

Nikasema, "Analikalia, Bi Tunu. Tena siku hizi anaomba mwenyewe."

Sijui ulimi ulinitokaje. Nadhani niliiona miguu ya Abdallah. Basi ikabidi uongo niulee kama mtoto wa pili. Shomari nikamrudishia nepi za vitambaa, nikawa nazifua kwa siri na kuzianika chumbani, chumba kinanuka sisi wenyewe tunavumilia, na kila asubuhi nalijaza lile kopo maji ya bomba, nalifunika kwa kitambaa, napita nalo uani mbele ya Bi Tunu kwa heshima zote, naingia chooni, namwaga maji, pwaa, asikie. Natoka, nalisugua kwa majivu, nalianika juani. Bi Tunu ananitazama anasema, "Mashaallah." Nyumba nzima ikalijua kopo la Shomari. Kopo lile lilikuwa safi kuliko sufuria zangu, halijawahi kuona tone la mtoto, na hakuna aliyejua ila mimi na Abdallah na Shomari na Mungu.

Hitima ikakaribia. Nikasema labda ni ule ukingo unamuumiza, nikalirudisha kwa Likwata, akakata mpira wa ndani wa baiskeli akauzungusha ukingo wote, laini, kopo likawa raha kulikalia. Natoka Gerezani, Shomari mgongoni, kopo mkononi, nakata kona ya duka la ushirika, naona watu wanakimbia. Wakati ule ukiona watu wanakimbia unakimbia nao, habari unaulizia mbele. Mafuta ya kula yameingia. Pipa zima.

Mafuta tulikuwa hatujayaona muda mrefu mpaka samaki tunawachemsha, na Bi Tunu kwa hitima yake alikuwa ameshakata tamaa ya sambusa na maandazi. Nikaona mlango wa heri huu hapa: nikimpatia Bi Tunu mafuta, hata kama Shomari atachelewa kidogo, atanionea haya. Lakini mafuta unakwenda na chombo chako, na mimi sina chombo. Ila kulikuwa na desturi, wale wa rika langu mnaijua, foleni tulikuwa hatusimami sisi, vilikuwa vinasimama vyombo. Unaweka ndoo yako, au kikapu, au hata jiwe, unamwambia aliye nyuma yako "nishikie," unakwenda zako, na foleni ikisogea aliye nyuma anakisukuma chombo chako mbele pamoja na chake.

Nikaweka kopo.

Nyuma yangu alikuwa Mama Asteria, mtu wa Songea, tulikuwa tunakwenda naye kisomo cha jioni, roho yake nzuri kupita kiasi. Nikamwambia, "Nishikie zamu, shoga, nakwenda nyumbani kuchukua galoni."

"Nenda," akasema. "Ng'ombe wako nitamchunga."

Nikakimbia mpaka nyumbani, nikamwambia Bi Tunu mafuta yameingia, nimeshakushikia nafasi, nipe galoni yako. Akafurahi mpaka akanishika shavu. Angebaki nyumbani ningepona, lakini akasema, "Tangulia, nakuja, nataka niyaone kwa macho yangu." Na mimi nikatangulia.

Nafika, foleni imekwenda mbio kuliko nilivyodhani. Kopo silioni. Natazama mbele, namwona ng'ombe wangu juu ya meza ya Bwana Mfaume, muuza duka, amejaa mafuta mpaka ukingoni, na Mama Asteria anachekelea.

"Nimemwambia akujazie, wewe mwenyewe waja," akaniambia. "Na huu mpira umekaa vizuri, mkono haukatwi."

Mfaume akasema, "Mama, lipa upishe wenzio."

Sasa wenzangu, pale pale ningelipa nikabeba kopo langu nikaenda zangu, hadithi ingekwisha. Kopo ni safi, najua mimi. Lakini namwona Bi Tunu kwa mbali anakuja na mwavuli wake, nikaona akikuta mafuta ya hitima yamo kwenye kopo la Shomari nimekufa. Nikamsogezea Mfaume galoni, nikamwambia kwa kunong'ona, "Nitilie humu, kaka yangu, lile liache." Nilifikiri atamimina kutoka kwenye kopo kuingia kwenye galoni. Mfaume akalitazama kopo, akaitazama galoni mdomo wake mwembamba, akaona yatamwagika, akasonya, akalinyanyua kopo kwa mikono yake miwili na kuyarudisha mafuta yote kwenye pipa. Kisha akachukua kata yake na faneli aanze kupima upya.

"Hilo kopo," sauti ikasema nyuma yangu, wala haikupazwa, "si ndilo la choo la Shomari?"

Mtu aliyekuwa karibu na Bi Tunu akauliza, "La nini?"

"La choo. La mtoto."

Vyombo vilikuwa vinasogea kwenda mbele, lakini neno lile lilitoka mbele likarudi nyuma, la choo, la choo, limemiminwa kwenye pipa, la choo la mtoto, mpaka nikalisikia limekata kona kwa wale waliokuwa hawalioni hata duka. Mfaume akaliachia kopo kama linaunguza. Mwajuma wa Mtaa wa Sikukuu (nduguye Chausiku aliyekuwa anauza mkaa) akaingia na ndoo yake mpaka mbele yangu.

"Mwanaharamu wewe," akasema. "Nimeamkia hapa. Wanangu wanalamba chumvi, wewe unatutilia mavi ya mwanao?"

Wengine wakaanza kumwambia Mfaume ayamwage, wengine wanasema yasimwagwe, kuna bibi mmoja akakaa chini akalia kabisa, analia na kibuyu chake, na mimi nilimwona yule bibi nikatamani ardhi ipasuke. Akaja Mzee Kitwana, mjumbe wetu wa nyumba kumi, ndiye aliyekuwa anasimamia foleni.

"Ndugu wananchi, tulieni," akasema. "Tukiamua hili pipa lina najisi, linafungwa, hapati mtu. Kwa hiyo hatuamui kwa kelele. Mama Shomari, jibu mbele ya watu. Kopo hili mtoto analitumia, halitumii?"

Hebu nitazameni pale. Shomari mgongoni, Bi Tunu ubavuni kwangu ananitazama, foleni nzima inanisubiri. Nikisema analitumia, kama nilivyomwambia Bi Tunu, chumba changu kimepona na mafuta ya Kariakoo nzima yamekwenda kumwagwa, na yule bibi na kibuyu chake anarudi hivihivi. Nikisema halitumii, mafuta ni halali, na chumba sina. Nikaifikiria miguu ya Abdallah. Nikamtazama yule bibi.

"Halitumii," nikasema.

"Sema wasikie."

"Halitumii, Mzee. Hajalikalia hata siku moja."

Mwajuma akacheka kwa dharau. "Sikilizeni hiyo. Nani anaweka poti la kupambia nyumba?"

Na Bi Tunu, Mungu amrehemu, akasema ukweli anaoujua. "Mimi aliniambia mtoto anaomba mwenyewe. Nalisikia linamwagwa kila asubuhi."

Mzee Kitwana akakuna kidevu. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo iliyonimaliza. Akasema, "Basi mtoto akalishwe, tuone."

Mbele ya watu wote wale nikamfungua Shomari mgongoni, nikamvua. Mzee Kitwana mwenyewe akaliweka kopo chini, akalifuta ukingo kwa leso yake. Nikamsogeza mtoto. Alipomwona ng'ombe tu, alipiga ukelele ambao naamini walimsikia Feri, akajikaza miguu ubao, akajipinda kwa nyuma, namkunja hakunjiki, na Mama Asteria akaja kunisaidia, huyu anashika miguu, huyu anashika mikono, mtoto hagusi bati hata kwa unyayo. Mzee Kitwana akasema jaribuni tena, tukajaribu tena, watu wamepanda juu ya vyombo vyao waone. Nikachoka nikambeba kifuani. Na alipojua amepona, amerudi kwa mama yake, Shomari akalegea, na mkojo wote aliokuwa ameubana tangu Gerezani akaufungulia juu yangu, ukashuka kifuani, ukashuka kwenye khanga, ukaniishia miguuni.

Mama Asteria ndiye aliyeanza kucheka, akijizuia hawezi. Kisha foleni nzima. Hata yule bibi wa kibuyu.

"Ushahidi umetosha," akasema Mzee Kitwana. "Mfaume, pima."

Kata ikaanza kuzama kwenye pipa, watu wakashika vyombo vyao, na mimi nimesimama pale nimelowa. Bi Tunu alinisogelea. Nilidhani atanitukana, nikawa tayari.

"Na yale maji ya kila asubuhi?" akauliza.

"Ya bomba, Bi Tunu."

Akatazama miguu yangu.

"Basi choo changu kimeoshwa vizuri," akasema, akanipokea galoni mkononi na kwenda kuchukua mafuta yake.

Hitima ilisomwa. Masheikh walikaa uani, Shomari nilimfungia chumbani na nepi yake, na Bi Tunu aliniletea sahani iliyojaa sambusa, zimekaangwa kwa mafuta yale yale, nikazila huku nalia. Kesho yake asubuhi akanisalimia vizuri, akaniuliza tunahama lini. Abdallah hakunipiga wala hakunigombeza. Alipakia kitanda na masufuria kwenye mkokoteni, akausukuma mpaka Buguruni, mimi nyuma na mtoto. Tangu siku hiyo akawa anaamka usiku kwenda kazini, na miguu yake ilipoanza kuvimba miaka ile ya baadaye, hakunilaumu, mimi ndiye niliyekuwa naikanda kwa maji ya moto na kujilaumu.

Kopo nililiacha uani kwa Bi Tunu. Na Shomari mnajua alijifunza vipi? Buguruni kulikuwa na watoto wengi wa mwenye nyumba, wanakwenda chooni kwa mstari kama bata, naye akajiunga nyuma yao, akachuchumaa wanavyochuchumaa, basi. Hatukuwa hata tumemaliza kufungua mizigo.

Jina nililiacha Kariakoo nikidhani halijui njia ya Buguruni. Lilikuja. Nimeitwa Mama Kopo sokoni, nimeitwa msibani, na siku Zuhura anaolewa kuna mtu aliuliza kwa sauti kama pilau limepikwa kwa mafuta gani.

Basi siku ile na Rehema, mwisho nilimchagulia la rangi moja, lisiloimba, lisilo na mnyama yeyote. Muuzaji akanipa mkononi, nikalifunga kwenye khanga yangu mpaka halionekani. Pale kwa kulipia palikuwa na watu wamepanga mstari, na Rehema akakumbuka amesahau sabuni ya mtoto, akaniambia, "Bibi, weka tu poti hapo chini lishike nafasi, ukae kwenye kile kiti upumzike, nakuja sasa hivi."

Magoti yangu mabovu, na kiti kilikuwa kinaniita. Nikamwambia, "Nenda mjukuu wangu, nafasi nitakushikia. Lakini nitakushikia kwa miguu yangu mwenyewe."